Nyumba Yangu, Kiwanja Chake: Habari za Kununua, Kuuza na Kupangisha Ardhi katika Pwani

Katika vijiji na miji ya pwani, mwalimu au mchungaji huitwa mara nyingi kwa kazi ambayo hakufundishwa chuoni, nayo ni kuandika hati. Mtu amepata mnunuzi wa shamba lake, au ataka kujenga katika kiwanja cha mwenziwe, basi huja na karatasi na kusema, "Mwalimu, tuandikie maneno mawili matatu, nawe utie jina lako kuwa shahidi." Maneno hayo mawili matatu ndiyo yatakayosomwa mbele ya hakimu baada ya miaka ishirini, wakati walioyasema wamekwisha kufa. Kwa hiyo twaona yafaa kueleza asili ya jambo moja lililoleta daawa nyingi katika pwani, yaani desturi ya kumiliki nyumba au mti pasipo kumiliki ardhi iliyo chini yake. Asiyeijua desturi hiyo aweza kuandika hati nzuri kwa mwandiko, lakini yenye hatari kwa maana.

I. Vitu vitatu, si kitu kimoja

Tukianza na lugha, tutaona kwamba Kiswahili chenyewe chatuonya. Twasema "mwenye nyumba," twasema "mwenye kiwanja," twasema "mwenye shamba," wala majina hayo hayana maana moja. Mwenye nyumba si lazima awe mwenye kiwanja. Tena wazee wa Unguja na Pemba walipotaja ukubwa wa shamba hawakutaja vipimo vya ardhi, walihesabu miti. Shamba lilikuwa la mikarafuu mia, au la minazi hamsini. Mali iliyohesabiwa ilikuwa mti, na ardhi ilikuwa mahali pa kuusimamisha.

Kwa desturi hiyo mtu aliweza kuuza minazi yake kumi na kubaki na ardhi, au kuirithisha kwa binti yake hali shamba likienda kwa mwanawe wa kiume. Aliyeinunua minazi alipata ruhusa ya kuingia, kuangua nazi na kugema tembo, lakini hakupata ruhusa ya kulima muhogo chini yake. Vivyo hivyo nyumba. Mtu mwenye ardhi alimruhusu jirani, au mgeni, au mtu wa jamaa yake, kujenga nyumba ya fito na udongo iliyoezekwa makuti. Nyumba ikawa mali ya aliyeijenga. Aliweza kuiuza, kuipangisha na kuiacha urithi. Ardhi ikabaki ya mwenyewe.

Sheria ya Kiislamu, ambayo makadhi waliifuata katika pwani, haikuona ajabu katika jambo hili, kwa kuwa yakubali mtu kuikodi ardhi ya mwingine kwa ijara na kujenga juu yake. Iliongeza pia mambo mengine ambayo mnunuzi hana budi kuyajua hata leo. La kwanza ni wakfu: mali iliyowekwa wakfu, ikiwa kwa ajili ya msikiti au kwa ajili ya kizazi cha mtu, haiuzwi wala hairithiwi kama mali nyingine, na mnunuzi wake amenunua upepo. La pili ni shufaa, yaani haki ya mshirika. Watu wawili wakishirikiana katika shamba, na mmoja akauza fungu lake kwa mgeni, yule mshirika aweza kulidai fungu hilo kwa bei ile ile. Katika madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na Waswahili wengi, haki hii ni ya mshirika, si ya jirani tu.

Desturi ya Kiingereza ilikuwa kinyume kabisa. Kwa mafundisho ya zamani ya wanasheria wa Ulaya, kitu chochote kilichoshikamana na ardhi huifuata ardhi. Aliye na ardhi anao mti, anayo nyumba, anao ukuta. Tangu mwisho wa karne ya 19 mafundisho haya mawili yamekaa katika pwani moja, na watu wamejenga juu ya la kwanza huku hati zikiandikwa kwa la pili.

II. Kwa nini maskwota walikatazwa kupanda mnazi

Utumwa ulipokoma kutambuliwa na sheria, huko Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, watu wengi walioachwa huru hawakuwa na mahali pa kwenda. Wenye mashamba nao hawakuwa na watu wa kupalilia. Basi wakapatana. Mtu alikaa katika shamba la mwenyewe, akajenga kibanda, akalima muhogo, mtama na viazi kwa chakula chake. Naye kwa malipo alipalilia chini ya mikarafuu au alisaidia wakati wa kuchuma. Mara nyingi hakulipa fedha yoyote. Watu hawa waliitwa maskwota, jina lililotoka kwa Waingereza.

Lakini palikuwa na sharti moja lililoshikwa kwa nguvu: skwota alime mazao ya mwaka, asipande mti wa kudumu. Mgeni aliyelitazama jambo hili kwa juu juu aliweza kudhani ni choyo tu. Kumbe ni sheria kamili. Muhogo hung'olewa, na ukisha kung'olewa haki ya mlimaji imekwisha. Mnazi hukaa miaka mingi kupita umri wa aliyeupanda, na aliyeupanda anao. Mwenye shamba aliyemruhusu skwota kupanda minazi ishirini alikuwa amempa fungu la mali yake na la wanawe. Kwa hiyo mti ulikuwa hati kabla ya kuwako hati. Ukitaka kujua nani alikuwa na haki mahali fulani, uliuliza nani aliyepanda miembe hii.

III. Bei ya khiari

Jambo la pili lililowapotezea watu wengi mashamba yao ni deni. Sheria ya Kiislamu yakataza riba. Lakini mwenye mikarafuu alihitaji fedha kabla ya mavuno, na mwenye fedha hakutaka kukopesha bure. Ndipo ikatumika bei ya khiari. Neno "bei" hapa lina maana yake ya Kiarabu, yaani kuuza. Na "khiari" ni hiari ya kurudisha. Mwenye shamba aliliuza shamba lake kwa mkopeshaji kwa fedha aliyoihitaji, kwa sharti kwamba akirudisha fedha ile katika muda uliowekwa atarudishiwa shamba. Katika muda huo aliendelea kukaa humo na kuvuna, lakini sasa kwa jina la mpangaji, akamlipa mkopeshaji kodi kila mwaka. Kwa maneno, hapakuwa na riba. Palikuwa na mauzo na kodi. Kwa kweli, kodi ile ilikuwa kama faida ya mkopo.

Yafaa tuangalie vema mfano huu, maana wafundisha kwamba majina ya "mwuzaji," "mnunuzi," "mwenye mali" na "mpangaji" yaweza kufunika jambo jingine. Mtu alilala mwenye shamba akaamka mpangaji, wala hakuhama chumba. Bei ya karafuu ilipoanguka, hasa katika miaka ya 1930, wengi hawakuweza kurudisha fedha, na mashamba mengi yalikuwa karibu kupita mikononi mwa wakopeshaji. Mwaka 1934 Serikali ya Unguja ilitunga sheria ya kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamishwe ovyo kwa watu wasio wa jamii hizo. Sheria ile iliwafurahisha wenye mashamba na kuwaudhi sana wafanya biashara Wahindi, nayo ikaleta ugomvi mkubwa wa siasa.

IV. Hati ya mwaka 1908

Sasa tuvuke bahari mpaka Mombasa. Ukanda wa pwani wa maili 10 ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar. Kwa mapatano ya Desemba 1895 Sultani aliwaachia Waingereza kuutawala, nao wakaahidi kumlipa kila mwaka paundi 11,000, pamoja na paundi 6,000 zilizokuwa faida ya fedha nyingine. Kwa hiyo Serikali yenyewe ilikuwa namna ya mpangaji katika pwani, na hali hiyo ikaendelea mpaka mwaka 1963, Kenya ilipopata uhuru wake na Sultani akaacha madai yake.

Walowezi na wafanya biashara walipotaka kununua ardhi, waliuliza swali la haki: ni nani mwenye ardhi hii? Ndipo ikatungwa Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908. Kila mtu aliyedai kuwa na ardhi katika pwani alitakiwa kupeleka madai yake kwa mwandikaji wa hati, pamoja na mashahidi na karatasi zake. Aliyethibitisha alipewa hati. Ardhi ambayo hakuna mtu aliyeidai ilihesabiwa kuwa ya Serikali.

Wenye kujua habari za maofisi, yaani Waarabu, Waswahili wa mijini na Wahindi, walipeleka madai yao. Lakini Wamijikenda wengi, waliolima katika ukanda ule kwa haki ya ukoo, au kwa ruhusa, au kwa kuufyeka msitu wenyewe, hawakuwa na karatasi wala mtu wa kuwasemea. Wazee husema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Methali hii huambiwa wafanya biashara, lakini katika mwaka 1908 iliwahusu wakulima. Mtu aliendelea kulima mahali pale pale alipolima baba yake, na jina lake likabadilika kutoka mwenyeji hata skwota, bila yeye kupata habari.

Tena hati ile ilikuwa na nguvu isiyo ya kawaida. Ilikuwa ushahidi wa mwisho juu ya watu wote, hata juu ya Serikali. Nayo sheria ilisema kwamba minazi, nyumba na majengo yaliyokuwa juu ya ardhi siku ile yahesabiwe kuwa ya mwenye hati, isipokuwa pameandikwa juu ya hati yenyewe kwamba ni ya mtu mwingine. Twamwomba msomaji alisome sharti hili mara mbili. Watunga sheria walijua kwamba katika pwani mnazi waweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine. Ndiyo sababu wakautaja mnazi kwa jina. Hawakuifuta desturi, waliitaka iandikwe. Aliyekuja kwa wakati na kuandikisha minazi yake aliokoka. Asiyekuja alipoteza, ingawa majirani wote walijua nani aliyeipanda.

V. Mjini: mwenye kiwanja, mwenye nyumba, mpangaji

Desturi ya shamba ilipoingia mjini ilizaa watu watatu. Wa kwanza ni mwenye kiwanja. Wa pili ni mwenye nyumba, aliyejenga juu ya kiwanja hicho na kulipa kodi yake. Wa tatu ni mpangaji wa chumba. Nyumba ya Kiswahili yafaa sana kwa kupangisha: ukumbi wapita katikati, vyumba viko kuume na kushoto, na nyuma kuna ua wenye jiko na kisima. Mjane aliyejenga nyumba ya vyumba sita hukaa katika kimoja na kupangisha vitano; kwa kodi ya vyumba hivyo hula, na kwa sehemu yake humlipa mwenye kiwanja. Kwa hiyo mtu mmoja ni mpangaji mbele ya huyu na mwenye nyumba mbele ya yule.

Ng'ambo ya mji wa Unguja ilijengwa hivi. Hapo zamani wenye ardhi wengi waliwaachia watu kujenga bila kodi kubwa, maana kuwa na watu wengi karibu kulikuwa heshima na ulinzi. Baada ya utumwa kukoma heshima ya namna hiyo ilipungua thamani, na fedha ikaongezeka thamani. Kodi za viwanja zikaanza kudaiwa, kisha zikapandishwa. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa. Baadhi yao walitiwa kifungoni, na umati wa watu ukaenda ukawatoa. Waliogoma walikuwa watu wenye nyumba zao wenyewe, nao waliona kwamba kumtoza mtu kodi inayopanda bila mpaka, juu ya mahali ambapo nyumba yake imekwisha simama, ni sawa na kumnyang'anya nyumba. Mwaka ule ule Serikali ilitunga sheria ya kuzuia kupandishwa kwa kodi za viwanja.

Mombasa nako, katika Majengo na baadaye katika viunga vya bara kama Kisauni, Changamwe na Likoni, watu walijenga kwa desturi hiyo hiyo, na mpaka leo huitwa watu wa "nyumba bila ardhi." Mapatano ya kale yalikuwa rahisi: mwenye kiwanja akikitaka kiwanja chake, mwenye nyumba aondoe nyumba yake. Kwa nyumba ya fito haki hiyo ilikuwa na maana. Boriti, fito, milango na hata makuti mazuri yalichukuliwa, na nyumba ikasimama mahali pengine. Lakini miaka ilipopita, watu walitia saruji sakafuni, wakaezeka mabati, mwisho wakajenga kwa matofali na mawe. Nyumba ya mawe haibebeki. Maneno ya mapatano yalibaki yale yale, lakini haki iliyokuwamo ilikuwa imetoweka. Twaona hapa ndipo penye kiini cha huzuni nyingi za mijini: watu waliendelea kusema maneno ya nyumba ya makuti hali wamekaa katika nyumba ya saruji.

VI. Majibu matatu

Serikali za nchi zetu zimelijibu swali hili kwa njia mbalimbali. Katika Tanganyika, sheria ya ardhi ya mwaka 1923 iliihesabu ardhi yote kuwa ya umma, na mtu akapewa haki ya kukaa na kuitumia. Ardhi chache zilizokuwa milki kamili ziligeuzwa mwaka 1963, baada ya uhuru. Sheria mbili za mwaka 1999, ya ardhi na ya ardhi ya vijiji, zimefuata njia hiyo hiyo. Kwa hiyo anayeuza katika Tanzania Bara huuza haki yake na maendelezo yake. Ardhi yenyewe si yake kuiuza.

Unguja na Pemba, baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, ardhi ilitwaliwa na Serikali, na kuanzia mwaka 1965 wananchi waligawiwa mashamba ya ekari 3. Mgao ule ulikuwa wa kutumia, si wa kuuza. Hata hivyo mauzo ya siri yalitokea, na mnunuzi wa namna hiyo hushika karatasi isiyo na nguvu. Sheria ya mwaka 1992 yaliendeleza neno kwamba ardhi ni ya umma.

Kenya ilishika njia ya hati za watu binafsi. Sheria ya mwaka 1908 ilifutwa mwaka 2012 pamoja na sheria nyingine za kale, hata ile ya Bara Hindi ya mwaka 1882 iliyokuwa ikitumika katika kuhamisha mali. Lakini hati zilizotolewa zamani hazikukosa nguvu kwa sababu hiyo. Watu wengi hudhani kwamba aliyekaa mahali miaka 12 amekwisha pata ardhi. Ni kweli kwamba sheria ya Kenya ya mwaka 1968 yampa nafasi ya kudai mtu aliyeishika ardhi ya mtu binafsi miaka 12 waziwazi na bila ruhusa. Lakini yeye alipaye kodi ya kiwanja amekaa kwa ruhusa, na ruhusa haileti haki hiyo, hata ikiwa miaka 50. Jambo hili ni chungu, lakini ni afadhali mtu alijue kabla ya kupeleka fedha zake kwa wakili.

VII. Neno kwa waandikao hati

Katika habari hizi zote twaona jambo moja likirudi. Desturi ya kutenga nyumba na ardhi haikuwa mbaya. Iliwapa maskini na wageni mahali pa kujenga pasipo kununua ardhi, nayo ilidumu kwa sababu majirani walikumbuka. Ilivunjika mahali ambapo kumbukumbu ya majirani iligeuzwa kuwa karatasi, na karatasi ikataja nusu ya mambo. Basi mwandikaji wa hati ndiye aliye mlangoni.

Kwa hiyo, msomaji akiombwa kuandika, aulize kwanza: ni kitu gani kinachouzwa? Ardhi, nyumba, miti, au vyote? Aandike kila kimoja kwa jina lake, na kisichouzwa akitaje vile vile. Asiandike "nimemwuzia kiwanja" ikiwa mwuzaji ana nyumba tu, maana hapo ameshuhudia uongo bila kujua. Aulize kama mali ni ya urithi usiogawanywa, au ya wakfu, au ya mashirika. Aulize habari za mke au mume. Maana sheria ya ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 yakataza mmoja kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya ndoa pasipo idhini ya mwenziwe, na sheria ya Kenya nayo yadai idhini hiyo. Ikiwa ni shamba la Kenya, akumbushe kwamba kwa sheria ya mwaka 1967 mauzo ya ardhi ya kilimo yataka idhini ya baraza la ardhi. Ikiwa ni ardhi ya kijiji katika Tanzania, wahusika wapitie Halmashauri ya Kijiji. Kisha awapeleke kwenye ofisi ya hati, wakaangalie jina lililoandikwa huko kabla fedha haijatoka mkononi.

Kwa wanaopanga kiwanja, aandike kodi ni kiasi gani, itapandishwa lini na kwa mpaka upi, ni nyumba ya namna gani iliyoruhusiwa, na siku ya kuondoka itakuwaje: je, mwenye nyumba atalipwa thamani yake, au atabomoa? Wakati wa kuliuliza swali hili ni siku ya kwanza, wakati wote wawili wangali wakicheka. Mwenye kiwanja asiyetaka kulijibu siku hiyo amekwisha kulijibu, na mjenzi mwenye busara atabaki na mabati yake.

Wazee wetu walipotaka kujua haki ya mtu walikwenda kuutazama mti wake. Siku hizi hakimu hutazama karatasi. Yatupasa kuandika karatasi itakayosema kweli yote ambayo mti ule ungaliisema.